Programu ya Zamani, Windows Mpya na Risiti Mbili za Nambari Moja

Ni muda sasa tangu niandike jambo refu hapa, na la leo ni refu, kwa hivyo chukua chai kwanza.

Karibu kila mwezi hunijia mtu na swali lile lile kwa sura tofauti. "Nilikuwa na programu yangu, imenifanyia kazi miaka kumi na tano, nimenunua kompyuta mpya na sasa inakataa. Imeharibika?" Huyu ni mwenye duka la vipuri, yule ni mwalimu mwenye kamusi yake kwenye sidii, mwingine ni karani wa kanisa. Jibu langu ni kwamba haijaharibika. Programu haiozi kama mahindi ghalani. Baiti zilizokuwa kwenye diski mwaka 2001 ndizo zilizopo leo, zote, kwa mpangilio ule ule. Kilichobadilika ni kile ilichokuwa imeegemea.

Mtu anapoandika programu huwa anaamini mambo mengi kuhusu kompyuta itakayoiendesha, na mengi ya hayo hayaandiki popote. Anaamini prosesa itakuwa na kasi fulani. Anaamini faili fulani itakuwepo. Anaamini ataruhusiwa kuandika pale anapotaka kuandika. Miaka ikipita, moja ya imani hizo huwa uongo, na hapo ndipo programu huanguka. Kazi ya fundi ni kutafuta ni imani ipi iliyovunjika. Shida ni kwamba kuna zinazovunjika kwa kelele na kuna zinazovunjika kimya, na nimekuja kuziogopa zile za kimya peke yake. Nitaeleza kwa nini.

Za kelele kwanza, maana hazina uchungu sana. Chukua programu zilizoandikwa kwa Turbo Pascal miaka ya 1990. Nyingi zilitumia sehemu iitwayo CRT. Programu inapowaka tu, sehemu hiyo huhesabu kompyuta inaweza kuzunguka kitanzi mara ngapi ndani ya milisekunde 55, kisha hugawanya hesabu hiyo kwa 55 ili ijue milisekunde moja ni mizunguko mingapi. Jibu liliandaliwa chumba cha biti 16, yaani lisizidi 65,535. Prosesa zilipokaribia megahezi 200 na kuzidi, jibu likawa kubwa kuliko chumba chake, na programu ikafa kwa kosa nambari 200 kabla hata ya kuonyesha menyu. Ujumbe wenyewe husema umegawanya kwa sifuri, ilhali hakuna sifuri popote. Prosesa ndiyo iliyolalamika kwamba jibu halitoshei, na malalamiko hayo mawili hupitia mlango mmoja. Mtu anaweza kutafuta hiyo sifuri mpaka azeeke.

Au chukua programu za DOS kwa jumla. Windows za biti 32 za ukoo wa NT, tangu ile ya kwanza ya mwaka 1993, zilikuja na kitu kiitwacho NTVDM kilichoipa programu ya DOS kompyuta ya kuigiza ya kukalia. Windows za biti 64 hazina kitu hicho, kwa sababu prosesa ikishaingia hali ya biti 64 haina tena ile hali ya kujifanya 8086 ambayo NTVDM iliitegemea. Windows 10 bado ilikuwa na toleo la biti 32, kwa hivyo watu walijificha humo. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 haikuwa na toleo hilo kabisa, na msaada wa Windows 10 ukakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ukibofya programu yako ya DOS leo unaambiwa waziwazi kwamba haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii. Vizuri. Unachukua DOSBox, ambayo ilianza mwaka 2002 kwa ajili ya michezo, au kama ni kazi ya ofisi yenye kuchapisha karatasi, unachukua DOSBox-X au vDosPlus, na mara nyingi kabla ya saa ya chakula umemaliza.

Unaona basi. Kosa la kelele hukusimamisha mlangoni. Hukukera, lakini halikuibii kitu.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Machi 2025 niliitwa na sacco moja ndogo katika mji mdogo upande wa Machakos. Wanachama ni wakulima na wenye vibanda vya sokoni. Programu yao iliandikwa mwaka 2001 kwa Visual Basic 6, wakati huo mimi nikiwa chekechea. Hifadhidata yake ni faili moja ya MDB. Aliyeiandika aliweka nambari ya simu ya mezani kwenye dirisha la maelezo, na simu hiyo haiiti tena. Kodi chanzo hakuna. Lakini niseme haki yake: ni programu nzuri. Inajua kanuni zote za sacco ile, faini ya kuchelewa, mdhamini ana dhamana ya kiasi gani, mwanachama akifariki nani apewe nini. Kuna kanuni humo ambazo hata halmashauri haina tena karatasi yake. Wenzangu wa taaluma hupenda kusema "andika upya tu", na mimi huwauliza: uandike upya kutoka wapi?

Kompyuta yao ya Windows XP ilikufa mwishoni mwa Februari, pawasaplai iliungua, lakini diski ilinusurika. Walinunua mashine mpya ya Windows 11, na kijana mmoja fundi wa pale mjini akaihamisha programu. Nilizungumza naye kwa simu baadaye, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa safi. Kisakinishi kwenye sidii kilikataa kwa sababu kilikuwa cha biti 16, ingawa programu yenyewe ni ya biti 32. Hilo ni jambo la kawaida kwa programu za miaka ile: mlango ni wa kale kuliko nyumba. Kwa hivyo aliacha sidii, akanakili folda nzima kutoka diski ya zamani.

Ikawaka na kuanguka, ikidai faili ya MSCOMCTL.OCX. Hapa wengi hukwama, acha nieleze kidogo. Programu ya Visual Basic 6 inahitaji maktaba iitwayo MSVBVM60.DLL, na hiyo bado huja ndani ya Windows hadi leo. Ila vipande vya kuunda dirisha, kama orodha zenye safu na vitufe vya juu, vimo ndani ya MSCOMCTL.OCX, na hiyo haiji na Windows. Huletwa na kisakinishi, na kisakinishi ndicho kilichokataa. Dawa ni kuichukua kutoka diski yako ya zamani (usiitafute kwenye tovuti usizozijua, huko ndiko virusi huuziwa kondoo), uiweke ndani ya C:\Windows\SysWOW64, halafu uisajili kwa regsvr32 ukiwa na haki za msimamizi. Si System32. Katika Windows ya biti 64, folda yenye 32 jinani mwake ina faili za biti 64, na folda yenye 64 jinani mwake ina za biti 32. Nimesoma sababu zake na ninazielewa, lakini kila nikieleza jambo hili kwa mtu naona aibu kama kwamba ni mimi niliyepanga.

Fundi yule aliyapita hayo yote. Programu ikawaka, salio zikaonekana, watu wakapiga makofi. Kisha akafanya jambo ambalo sisi sote tunafundishwa kulifanya. Kwenye XP kila mtu alikuwa akiingia kwa akaunti moja yenye haki zote. Yeye akafungua akaunti tatu: ya keshia, ya karani wa zamu ya mchana, na ya meneja. Ya keshia na karani zikawa za kawaida. Kwa meneja aliweka alama ili programu iwake kwa haki za msimamizi kila mara. Folda ya programu aliiweka ndani ya Program Files, mahali pa programu. Kazi ikaanza Jumatatu tarehe 3 Machi.

Ijumaa ya tarehe 14, meneja alichapisha ripoti kwa ajili ya kikao cha halmashauri cha kesho yake. Ripoti ikasema kwamba tangu tarehe 28 Februari sacco haikupokea hata shilingi moja. Siku hiyo hiyo alikuja mwanachama aliyelipa shilingi 12,000 za mkopo wiki iliyotangulia, na karani wa mchana akamwambia malipo hayo hayapo. Mwanachama akatoa risiti. Risiti ilikuwa na jina la keshia.

Unaweza kujaza yaliyofuata. Keshia ni binti wa miaka ishirini na kitu, ana mwaka mmoja kazini. Aliambiwa akae nyumbani uchunguzi ukiendelea. Meneja aliponipigia jioni ile maneno yake yalikuwa, "Kijana wangu, njoo utuonyeshe alivyofuta."

Nilimjibu, "Mama, nitakuja. Ila mpaka nifike mtu yeyote asiingize kitu wala asifute kitu."

Nilifika Jumamosi asubuhi. Kwa akaunti ya meneja, risiti ya mwisho ilikuwa nambari 4162. Niliomba faili la karatasi, zile nakala za pili za risiti zinazotoka kwenye printa ya pini. Hazikuwa zimepangwa. Nilizipanga mezani na mzee mweka hazina akiwa amesimama nyuma yangu, na tulipofika 4181 tukakuta mbili. Moja ya keshia, shilingi 12,000. Nyingine ya karani, shilingi 1,500, mwanachama mwingine kabisa.

"Si unaona," mzee akasema. "Amefuta yake, nambari ikarudi, mwenzake akaipata."

Lazima nikubali kwamba hoja yake ilikuwa na akili. Programu hii hutoa nambari ya risiti kwa kutazama iliyo kubwa zaidi kisha kuongeza moja. Ukifuta ya mwisho, inayofuata itachukua nambari ile ile. Nikamwambia, "Mzee, tuendelee kupanga." Tulipomaliza, kila nambari kuanzia 4163 hadi 4200 ilikuwa na karatasi mbili, moja ya asubuhi na moja ya mchana. Keshia alikuwa na risiti 61, karani 38. Hakuna mwizi anayefuta hivyo. Ili upate mpangilio ule kwa kufuta, ungelazimika kufuta risiti zako zote kila adhuhuri na kuzirudisha kila asubuhi. Hizi zilikuwa foleni mbili zilizoanzia mahali pamoja na kwenda kila moja njia yake. Ni kama watu wawili waliopewa vitabu viwili, wote wakiambiwa ni kile kimoja.

Basi nikatafuta kitabu cha pili. Hifadhidata ya MDB ikiwa imefunguliwa na programu, hutokea kando yake faili ndogo ya kufuli yenye jina lile lile na mwisho wa .ldb. Niliingia kwa akaunti ya karani, nikafungua programu, nikaiacha wazi, nikaenda kutazama folda ya Program Files. Faili ya MDB ilikuwepo. Ya kufuli haikuwepo. Programu ilikuwa mbele yangu na salio za wanachama zikisomeka, na ilikuwa haijagusa faili niliyokuwa nikiitazama.

Nikafungua Process Monitor, chombo cha bure ambacho kila fundi wa Windows anapaswa kuwa nacho. Huonyesha kila faili ambayo programu inaigusa. Njia ikajitokeza: C:\Users, kisha jina la akaunti ya karani, kisha AppData\Local\VirtualStore\Program Files (x86), kisha folda ya sacco. Kwenye akaunti ya keshia kulikuwa na nyingine kama hiyo. Pamoja na ile ya asili aliyokuwa akiiona meneja, hifadhidata zilikuwa tatu.

Hiki ndicho kilichotokea. Enzi za Windows 98, na hata XP, karibu kila mtu aliingia kwenye kompyuta kama msimamizi, na programu ziliandika popote zilipotaka, hasa ndani ya folda zao wenyewe. Vista ilipotoka kwa umma Januari 2007, desturi hiyo ilifungiwa mlango: mtumiaji wa kawaida haandiki ndani ya Program Files. Lakini waliotengeneza mfumo walijua kwamba programu chungu nzima zingekufa siku hiyo hiyo, kwa hivyo wakaweka huruma fulani. Programu ya zamani ya biti 32 ikijaribu kuandika pale, haiambiwi hapana. Huachwa iamini imeandika, na kimya kimya nakala ya faili hutengenezwa ndani ya folda ya mtumiaji mwenyewe, kwenye VirtualStore. Tangu hapo, programu hiyo ikiomba faili yake chini ya akaunti ile, hupewa nakala. Akija mtumiaji mwingine, naye hutengenezewa yake. Anayeiwasha kwa haki za msimamizi hana haja ya huruma hiyo, kwa hivyo huona ile ya asili.

Ni mpango wa busara. Kama kilicho kwenye faili ni rangi ya dirisha au alama za juu za mchezo, kila mtu kuwa na zake ni jambo zuri hata. Lakini kama kilicho kwenye faili ni pesa za watu, una ofisi moja yenye ukweli tatu, na kila mmoja anaapa kwa haki kwamba anaona anachokiona. Wala hakuna ujumbe wowote wa kosa. Hakuna dirisha jekundu, hakuna nambari. Kila jioni keshia alichapisha jumla yake na ikalingana na pesa zake. Karani naye vile vile. Wanachama wengi hulipa mara moja kwa mwezi, ndiyo maana wiki mbili zilipita bila mtu kujikwaa.

Nilimweleza meneja na mzee kwa vitabu vitatu vya kweli, nikiviweka mezani. Meneja alielewa upesi. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kompyuta inaweza kufundishwa kufanya hivyo na mtu mjanja. Nikamwonyesha kwamba folda ya keshia na folda ya karani zote zilizaliwa Jumatatu ile ile ya kwanza, kila moja mara mwenye akaunti alipofungua programu. Nikaomba keshia aitwe, kwa sababu nilihitaji mtu wa kusoma risiti zake nami. Alikuja Jumatatu ya tarehe 17.

Kuunganisha kulichukua siku mbili. Kitu cha kwanza, kabla ya kugusa chochote, nilinakili faili zote tatu kwenye flashi mbili na kuzifungia zisiandikike. Ukisahau mengine yote ya makala hii kumbuka hilo. Kisha nikaanza na kitabu cha keshia kama msingi, maana kilikuwa na mengi, nikaongeza risiti 38 za karani na mikopo 3 ambayo meneja alikuwa ameiidhinisha kwenye ile ya asili. Nambari za karani hazikuweza kubaki zilivyo. Tulizipa mfululizo mpya kuanzia 9001 hadi 9038, na kwenye kila nakala ya karatasi keshia akaandika nambari mpya kwa kalamu kando ya ile ya zamani.

Katikati ya kazi tukagongana na la pili, nalo la kimya pia. Karani alikuwa ameandika malipo ya tarehe 5 Machi, na nilipoyafungua kwa akaunti ya keshia yakasoma 3 Mei, mwezi ambao haujafika. Visual Basic husoma tarehe kufuatana na mpangilio wa eneo wa akaunti iliyoingia. Akaunti ya keshia ilikuwa imewekwa Kenya, siku kwanza. Ya karani ilibaki Marekani, mwezi kwanza. Akiandika 05/03/2025, programu ilielewa ni Mei tatu. Na iliporudisha tarehe kwenye skrini ilitumia mpangilio ule ule, kwa hivyo mbele ya macho yake ilisomeka 5/3/2025 na akaridhika. Kibaya zaidi, akiandika 13/03/2025, lugha ile huona hakuna mwezi wa 13, na badala ya kulalamika hujigeuza na kuisoma kama Machi 13. Kwa hivyo tarehe za baada ya 12 zilikuwa sawa, na za kabla yake zilipinduka. Isipokuwa tarehe 3 Machi yenyewe, ambayo ukiipindua inabaki ile ile. Tulisahihisha 29 kati ya 38. Kama tusingeziona, programu ingewahesabia wanachama hao kuwa hawajalipa Machi, na faini ya kuchelewa ingetoka yenyewe.

Marekebisho ya kudumu ni mafupi kuliko maelezo yake. Niliiondoa folda kutoka Program Files nikaiweka C:\Sacco, mahali ambapo huruma ile haifanyi kazi. Kwa bahati nzuri aliyeiandika programu alikuwa ameiambia itafute hifadhidata pale ilipokaa yenyewe, kwa hivyo haikujali kuhamishwa. Nikawapa watumiaji wa kawaida ruhusa ya kuandika humo:

icacls C:\Sacco /grant Users:(OI)(CI)M

Nikaondoa ile alama ya msimamizi kwa meneja, nikapanga eneo la akaunti zote tatu kuwa Kenya, nikahamisha nakala za VirtualStore kwenda flashi ili zisije zikamchanganya mtu. Wapo watakaokushauri uwashe programu kwa haki za msimamizi kwa kila mtu. Itafanya kazi, ndiyo, wote wataona faili moja. Pia utakuwa umempa kila anayeketi pale funguo za nyumba nzima kwa sababu ya sanduku moja. Na kuchagua hali ya utangamano ya XP, ile ambayo kila mtu hukimbilia kwanza, hakuhamishi hifadhidata yako popote.

Jaribio nililowaachia ni hili, na yeyote anayehamisha programu ya namna hii afanye vile vile siku ya kwanza. Ingia kwa akaunti moja, mwandikie mwanachama wa majaribio shilingi moja kwa tarehe isiyozidi 12. Toka. Ingia kwa akaunti ya pili, uitazame shilingi ile na tarehe yake. Kisha ya tatu. Ukiwa ndani, tazama kama ile faili ya kufuli imetokea pale unapoamini hifadhidata ipo. Ni dakika kumi. Kuwaka kwa programu na salio kuonekana hakukuambii lolote kuhusu mambo haya. Salio za zamani zingeonekana kwa vyovyote, maana nakala zote tatu zilianza zikiwa sawa.

Diski ya XP nayo nimeitengenezea nakala inayoweza kuwaka ndani ya VirtualBox, bila kuunganishwa na mtandao wowote, kwa sababu XP haijapata msaada tangu tarehe 8 Aprili 2014. Si ya kufanyia kazi. Ni ya siku ambayo mtu atauliza programu ilikuwa ikihesabu vipi faini fulani, ili tuwe na mahali pa kutazama. Halmashauri imeanza kuongea habari ya mfumo mpya, na nimewaambia wasiuwashe huo mpya mpaka umekaa kando ya wa zamani walau miezi mitatu, kitabu kwa kitabu, mpaka majibu yalingane.

Jumanne jioni, tarehe 18, tulijumlisha. Risiti zote za karatasi, hati za benki za siku kumi za kazi, na kitabu kipya kilichounganishwa. Vililingana hadi shilingi ya mwisho. Mzee mweka hazina alihesabu mara mbili kwa kikokotoo chake mwenyewe, kisha akasogeza daftari la kumbukumbu mbele yangu akasema niandike mimi, kwa sababu yeye hangejua kulieleza. Niliandika kwamba pesa zote zipo na zilikuwepo wakati wote, kwamba kumbukumbu ziligawanyika mara tatu kutokana na mahali programu ilipowekwa kwenye kompyuta mpya, na kwamba hakuna mtu aliyefuta kitu. Akatia sahihi. Meneja akatia sahihi.

Keshia alisoma ukurasa ule akiwa amesimama. Kisha akauliza kama anaweza kutolewa fotokopi. Mzee akainuka mwenyewe kwenda kuwasha mashine.